Roho ya Fidla

Somo: Wagalatia 6:1-5



Mtume Paulo alipokaribia kumaliza waraka wake kwa Wagalatia aliwapa agizo ambalo Wakristo wengi twalijua kwa midomo, lakini mikono yetu hailijui. Mtu akishikwa na kosa, asema, wale wanaoongozwa na Roho wamtengeneze, tena kwa upole, na kila mmoja wao ajitazame asije akanaswa yeye pia. Neno la Kiyunani alilolitumia hapo kwa kutengeneza ndilo lililomo katika Injili ya Marko, sura ya 1, pale wana wa Zebedayo walipokuwa chomboni wakishughulika na nyavu zao. Ni neno la mafundi. Ndani yake hamna fimbo wala kelele. Mna mtu aliyeinama, wavu magotini, akitafuta kwa vidole mahali uzi ulipokatika.

Kwaresima hii, kabla Halmashauri ya Parokia haijaketi kuzitazama habari za wale waliozuiliwa Komunyo Takatifu, twataka kulifikiri agizo hilo kwa mfano wa chombo kingine kinachohitaji mikono ya namna hiyo, nacho ni fidla kuukuu.

Huenda wengine watashangaa, maana fidla wengi wetu tuliijua katika taarabu, si kanisani. Katika vyama kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, fidla hukaa pamoja na udi na kanuni, na mtoto wa pwani huijua sauti yake kabla hajajua jina lake. Wengine tuliiona kwa karibu mara ya kwanza chuoni, tulipokuwa tukisomea ualimu. Ziko pia nyumba zenye fidla ya marehemu babu, imelala juu ya kabati ndani ya sanduku lake, na hutokea mjukuu akaishusha, akapangusa vumbi, akauliza kama bado ni nzima. Swali hilo si rahisi kulijibu. Twapenda kueleza jinsi linavyojibiwa, kwa kuwa namna fundi anavyoikagua fidla ya zamani yatuhukumu sisi na namna tunavyokaguana.

Kwanza tuijue yenyewe. Viungo vyake vina majina ya mwili wa mwanadamu: ina kichwa, shingo, mbavu, tumbo na mgongo. Tumbo, yaani ubao wa juu, ni la mti mwepesi wa jamii ya misonobari ya nchi za baridi. Mgongo na mbavu ni za mti mgumu zaidi wa huko huko Ulaya. Ubao wa juu una unene wa milimita 3 hivi, pengine pungufu. Juu ya ubao huo mwembamba limesimama daraja, na juu ya daraja zimepita nyuzi 4 zinazovuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 20 na zaidi. Sehemu ya mvuto huo, kama kilo 8 hadi 10, hulikandamiza daraja chini mchana na usiku, fidla ipigwe isipigwe. Asiyejua angedhani ubao kama huo utabonyea siku ya kwanza. Mbona haubonyei, pengine kwa miaka 200?

Haubonyei kwa sababu ndani yake, mahali pasipoonekana, umeshikwa. Upande mmoja kuna ufito uliobandikwa chini ya ubao kwa urefu. Upande wa pili kuna kijiti. Ni kijiti cha mviringo, chembamba kuliko penseli, kimesimama wima kati ya tumbo na mgongo, nyuma kidogo ya mguu mmoja wa daraja. Huutegemeza ubao, tena huupeleka mtetemo wa nyuzi hata mgongoni, na hivyo chombo chote huimba. Kikiondolewa, nyuzi zikawa zile zile na mpigaji yule yule, sauti huwa nyembamba na kavu kama ya debe. Waingereza hukiita nguzo ya sauti, basi. Lakini Wataliano hukiita anima, na Wafaransa âme, na maana ya maneno yote mawili ni roho.

Tena jambo hili tulitie moyoni: roho ya fidla haikubandikwa kwa gundi wala kupigiliwa msumari. Imekatwa kwa urefu unaolingana barabara na nafasi yake, na kinachoisimamisha ni uzito ule ule unaoikandamiza. Ndiyo sababu tunaonywa tusizilegeze nyuzi zote nne kwa pamoja tunapobadili nyuzi. Tuondoe mmoja, tuweke mpya, ndipo tuende kwa wa pili. Mzigo ukiondoka wote mara moja, kijiti chaweza kuanguka, nasi tukiitikisa fidla twasikia kitu kikigonga ndani kama punje kavu katika kibuyu.

Tumewaona Wakristo waliosimama miaka 30 chini ya mzigo: mume mgonjwa kitandani, watoto wa ndugu wa kuwalea, darasa la watoto 80 na mwalimu mmoja. Hawakuanguka. Ila siku mzigo ulipoondoka wote, mume akazikwa, watoto wakaenda mjini, kazi ikaisha, ndipo wakaanza kuyumba. Mmoja aliacha kuja kanisani. Mwingine alionekana kilabuni asubuhi. Nasi tukasema, Loo, kumbe hata yeye! Hatukuuliza kama kuna kitu kilichoanguka ndani. Fundi roho ya fidla ikianguka hasemi kwamba fidla hii ni mbovu. Huzilegeza nyuzi upesi, ubao usije ukabonyea. Kisha huingiza chuma chembamba kilichopindwa katika tundu la pembeni, lile lenye umbo la herufi f, akachungulia kwa taa na kioo kidogo, akaisimamisha tena. Huanguka. Akaisimamisha tena. Ni kazi ya kutesa mno, na ukimwona anaifanya utadhani anachezea.

Sasa tuje kwenye ukaguzi. Mtu huleta fidla akilalamika kwamba inakwaruza. Ndani ya sauti kuna sauti nyingine, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Fundi mwenye akili haanzi na fidla. Humtazama kwanza mpigaji. Mara nyingi kinachokwaruza ni kifungo cha shati kilichogusa mgongo wa fidla, au mkufu, au miwani mfukoni. Bwana wetu alikulia katika nyumba ya seremala, na alipotaka kutufundisha juu ya kuwahukumu wenzetu alichukua mfano wa mbao, kibanzi na boriti (Mathayo 7). Twadhani wasikilizaji wake walicheka. Lakini sisi tulioketi katika vikao vya kanisa twajua kwamba mambo hayo hutokea. Kijana ameletwa kwa kuwa ana kiburi na hasikii. Ukichunguza, mzee mmoja amemsogelea mno miezi mingi, na kifungo cha mzee ndicho kinacholia.

Ikionekana kwamba si kifungo, fundi huizunguka fidla akiigonga ukingoni kwa kifundo cha kidole, polepole, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Palipo pazima hujibu kwa sauti iliyojaa. Palipolegea hujibu kwa sauti bapa, na hapo atakuta kwamba kiungo cha ubao na ubavu kimefunguka. Hilo ni kosa la kawaida sana katika fidla za zamani, nalo huwatisha wenyewe kuliko mengine, maana mwanya huonekana kwa macho, na mtu hudhani chombo kimekwisha. Kumbe sivyo.

Mafundi wa kale waliunganisha fidla kwa gundi inayopikwa kutoka ngozi za wanyama, na mafundi wazuri wa leo wanaitumia vile vile. Wanazo gundi zenye nguvu zaidi, lakini hawazitaki. Mti hunywa unyevu masika ukavimba, na kiangazi ukasinyaa. Ukisinyaa hali umebanwa pande zote, hapana budi kitu fulani kiachie. Gundi ya ngozi ikiachia, ubao umepona. Gundi isipoachia, ubao wenyewe hupasuka. Basi kiungo kilichofunguka ni mlango wa usalama uliowekwa na fundi kwa makusudi, naye aliyejua kazi yake huufunga tena kwa gundi mbichi, maji ya moto na vibano, na alama haibaki.

Yule mama aliyesimama katika mkutano wa wanawake akalia na kusema maneno makali hata mwenyekiti akafunga mkutano, maungo yake yalifunguka. Ilikuwa aibu, hatukatai. Lakini mti wake ni mzima. Twawaogopea zaidi wale wasioachia kitu mwaka nenda mwaka rudi, wakipita mlangoni wakatuambia, Salama tu, ashukuriwe Mungu.

Na ole wake fidla iliyofunguka maungo ikiwa itaangukia mikono yenye haraka. Mtu huenda dukani akanunua gundi kali, ile ya kubandikia viatu na plastiki, akabana, akangoja dakika 5, akajisifu. Kwa nje imefungika. Lakini gundi ile haiachii tena. Kiangazi kijacho mti utajivuta na kupasuka kando ya kiungo, na fundi atakayeitwa baadaye hataweza kukifungua bila kuung'oa mti pamoja nacho. Usishangae ukimsikia fundi akinung'unika juu ya waliomtangulia kuliko juu ya yule aliyeiangusha.

Katika makanisa yetu gundi kali tumeitumia sana, na tuseme wazi ilivyokuwa. Binti wa kwaya akipata mimba amesimamishwa mbele ya watu wote na kutajwa kwa jina, hali kijana aliyempa mimba ameendelea kuimba besi katika safu ya nyuma. Vijana wengine wamefungishwa ndoa kwa haraka ili aibu ifunikwe kabla ya Pasaka, na kila mtu aliyekula pilau siku ile alijua kwamba hawapendani. Mzee mwenye wake wawili ameambiwa amfukuze mmoja pamoja na watoto wake, ndipo apokewe. Kwa nje pamefungika, na daftari limeandikwa kwamba shauri limekwisha. Baada ya miaka michache twasikia mlio, tena si mahali pa kwanza, ni kando yake, mtini kwenyewe.

Hatusemi kwamba hakuna kosa kubwa. Uko ufa wa mti wenyewe, na hapo fundi huuliza uko wapi kabla hajauliza urefu wake. Ufa wa ukingoni, hata ukionekana mbaya, hutengenezeka. Lakini ufa unaopita mahali roho inaposimama, hasa mgongoni, ndio unaohofiwa kuliko yote, uwe mfupi namna gani, kwa kuwa mzigo wote unapita hapo. Huutazama pia kwa rangi. Ukiwa mweupe ndani ni mpya, na pande zake zitakutana vizuri. Ukiwa mweusi ni wa siku nyingi. Umekunywa jasho na vumbi na mafuta ya mikono, wala gundi haitashika mpaka usafishwe. Kwa hiyo mwenye fidla huagizwa mambo machache: asiubonyeze ufa kwa kidole kuona kama unacheza, asiupake mafuta, asibandike karatasi yenye gundi. Na kibanzi chochote kilichotoka akiweke ndani ya bahasha, kiwe kidogo kama ukucha, maana fundi atakitaka. Hakuna mti mwingine duniani utakaoingia mahali pale sawasawa na kile. Bwana alipowalisha maelfu aliwaagiza wanafunzi wayaokote mabaki, kisipotee kitu (Yohana 6). Tumezoea kulihubiri jambo hilo tunapofundisha juu ya chakula. Vibanzi vya watu nani anaviokota? Maneno aliyoyasema yule binti usiku ule kwa shangazi yake, sababu aliyoitaja yule mlevi mara moja tu, akaona haya. Hayo ndiyo vibanzi, na sisi twayafagia nje kwa kuwa si ushahidi.

Halafu yupo adui asiyelia. Fukusi hutaga mayai katika mti, na funza wake hula ndani kwa ndani muda mrefu, pengine miaka, bila ishara yoyote nje. Tundu dogo tunaloliona, la milimita moja au mbili, ni mahali mdudu alipotokea akiwa amekwisha kukua na kushiba. Tukiliona, kazi imekwisha kufanyika. Fundi huigonga fidla juu ya karatasi nyeupe. Unga mbichi ukidondoka, hujua kwamba wengine bado wamo. Na fidla kama hiyo yaweza kuimba vizuri mpaka siku ubao unapoporomoka chini ya daraja.

Hapo ndipo ilipo hofu yetu juu ya orodha ya waliozuiliwa. Orodha hiyo huandikwa kwa makosa yanayosikika. Mimba husikika, ulevi husikika, mke wa pili huonekana na mtaa mzima. Uchoyo hauliwi na mtu jirani akapata kuusikia. Kusengenya hufanywa kwa sauti ya chini. Kumdhulumu mjane mpaka wa shamba lake hufanywa kwa karatasi iliyopigwa muhuri. Hatujapata kuona jina la mtu aliyezuiliwa Komunyo kwa sababu hizo, na wala hatutaki kuwaongezea wazee orodha ya pili. Twasema tu kwamba mwenye kelele si lazima awe ndiye mgonjwa wa kufa, na aliyetulia katika benchi la mbele si lazima awe mzima.

Kuhusu utunzaji wa kila siku hatuna maneno mengi, maana ni mambo madogo. Unga wa ulimbo unaodondoka kutoka upinde upanguswe kwa kitambaa laini kikavu kila baada ya kupiga. Spiriti isitumike kabisa, kwa kuwa huyeyusha vanishi. Wala mafuta ya nazi, wala dawa ya kung'arishia meza. Upinde ulegezwe kazi ikiisha. Fidla isiachwe ndani ya gari juani, wala juu ya kabati chini ya bati, ambako gundi hulainika. Daraja litazamwe kama limeinama, maana nyuzi zikikazwa mara kwa mara hulivuta mbele. Vigingi vikiteleza, walimu wenzetu watafurahi kusikia kwamba dawa yake ya zamani ni chaki ya ubaoni. Vikikwama, sabuni kavu kidogo. Mafundi hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na sisi wa pwani hatuwezi kuipata masika tufanye tufanyavyo.

Lakini moja ya mambo hayo madogo tungependa kulikazia. Sanduku lifunguliwe. Watu hudhani kwamba fidla iliyofungiwa imehifadhika, na sivyo. Gizani hukua ukungu. Na singa za upinde, ambazo ni manyoya ya mkia wa farasi, huliwa na wadudu wasiopenda mwanga. Mtu hufungua baada ya miaka akakuta singa zimelala chini zimekatika, ingawa hakuna mkono uliozigusa. Tumewafungia watu tukisema tunalinda heshima ya Meza ya Bwana. Hilo lina mahali pake, na Kitabu cha Sala kinaliruhusu. Ila padre alipotufungia neno hilo alitarajia tutafungua na kutazama. Yuko mtu katika parokia hii aliyeketi benchi la mwisho Kwaresima tatu sasa. Huondoka wimbo wa sadaka unapoanza, kabla watu hawajasogea altareni. Nani amekwenda kumtazama?

Katika jumba la makumbusho la Ashmolean, mjini Oxford, Uingereza, iko fidla iliyotengenezwa mwaka 1716 na Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, fundi mashuhuri kuliko wote. Vanishi yake yang'aa kama ya juzi, kwa kuwa tangu ilipozaliwa imepigwa mara chache mno. Fidla hiyo huitwa Masihi. Husimuliwa kwamba jina lilitokana na mzaha wa karne ya 19: aliyekuwa nayo aliisifu kila alikokwenda bila kuileta, mpaka msikilizaji mmoja akasema fidla yako ni kama Masihi, hungojewa siku zote na haonekani. Imekaa sasa katika kabati la kioo, haina mkwaruzo, nao watu hulipa nauli kwenda kuitazama.

Sisi Masihi tunayemkiri alikuja. Hakuwekwa nyuma ya kioo. Aliwagusa wenye ukoma, mwanamke mwenye kutokwa damu akashika nguo yake, askari wakampiga, mti ukambeba. Na alipofufuka Baba hakuzifuta alama. Tomaso alionyeshwa mikono na ubavu (Yohana 20). Ukichungulia ndani ya fidla kuukuu iliyopata ufa na kutengenezwa na fundi mwema, utaviona viraka vidogo vya mti vimepangwa juu ya ufa, kimoja baada ya kingine, kuushikilia usifunguke tena. Nje huvioni. Wapigaji hawazikatai fidla za namna hiyo. Huko Genova, Italia, ipo fidla ya Niccolò Paganini, iliyotengenezwa na Guarneri mwaka 1743, ambayo mwenyewe aliurithisha mji huo. Vanishi yake imelika pale alipoibana kwa kidevu, na mara kwa mara bado hutolewa ikapigwa mbele ya watu. Kama tungepewa nafasi ya kuisikia moja ya hizo mbili, tusingechagua ile ya kabati.

Labda mtu atauliza habari za wale waliokwisha kuondoka, walioingia madhehebu mengine au kuacha kabisa. Je, hapo fundi ana la kufanya? Mwingereza Leonard Woolley alichimba mji wa Uru, ule uitwao katika Mwanzo Uru wa Wakaldayo, alikotoka baba yetu Ibrahimu, kati ya mwaka 1922 na 1934. Katika makaburi ya zaidi ya miaka 4,000 alikuta vinubi. Mbao zilikuwa zimeoza zote, hapakuwa na mti tena. Lakini udongo ulikuwa umeshika nafasi yake, na mahali palipokuwa na mti palibaki uwazi wa umbo lile lile. Alimimina plasta katika matundu hayo, ikaganda, akapata umbo la chombo. Tukitazama benchi za kanisa letu tutayaona matundu ya namna hiyo, na wengi wetu twaweza kusema bila kukosea nani alikuwa akiketi pale, na aliimba sauti gani. Mpaka sasa udongo haujaporomoka.

Jambo moja la mwisho juu ya kazi ya fundi. Ufa ukiisha kubandikwa, hakazi nyuzi siku ile ile. Huacha gundi ikauke kwanza ndani ya vibano. Kisha hukaza kidogo, akaiacha, akarudi siku nyingine akakaza tena, huku akilitazama daraja. Wako waliorudishwa kanisani Jumapili, na Jumapili ya pili wakapewa ukatibu wa ujenzi ili waonekane wamepona. Tusifanye hivyo tena. Wala tusifanye lile la pili, la kumrudisha mtu mezani na kumwacha miaka 5 bila kumpa hata kitabu cha kusoma somo, kama fidla iliyotengenezwa ikarudishwa juu ya kabati.

Halmashauri itaketi Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi, saa 4 asubuhi, baada ya Misa. Orodha ina majina 11. Twaomba, kwa idhini ya Padre, kila mjumbe achukue jina moja kabla ya siku hiyo, aende nyumbani kwa mwenye jina, mchana, bila daftari, akae mpaka chai iishe. Asiyeweza kwenda amwambie katibu mapema, ili mwenzake alichukue jina hilo.